Msing'oe Teminali Injini Ikinguruma

Wanangu, nawaandikia nyinyi mnaozipenda Subaru Impreza WRX za miaka ya 1990, zile zenye tundu la hewa juu ya boneti na mngurumo usiofanana na wa gari jingine, na ambao siku hizi mnazitengeneza wenyewe uani badala ya kuzipeleka gereji. Mapenzi hayo nayaelewa. Kizazi kilichomwona Patrick Njiru akiipeleka Subaru kwenye tope la Safari Rally, kikamwona Colin McRae akishinda mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000, wote kwa Impreza, hakiwezi kulaumiwa kwa kuwaachia watoto wake homa hiyo. Na kijana kujua kutengeneza gari lake kwa mikono yake ni jambo jema. Siji kuwanyang'anya spana.

Nakuja kuwakataza jambo moja ambalo mmelirithi kwetu wazee, na sisi ndio wenye dhima ya kulizika. Mtu akishuku alternata yake haichaji, anawasha injini, anachukua spana ya 10, anang'oa teminali ya betri huku injini inanguruma. Gari likiendelea kuwaka, anatangaza kwamba alternata ni nzima. Likizima, anatangaza kwamba imekufa. Nimeona mafundi wenye mvi wakifanya hivyo mbele ya wanafunzi wao, na wanafunzi wakitikisa vichwa kana kwamba wamefundishwa elimu. Nawaomba msilifanye hilo kamwe, hata kama aliyewafundisha ni mtu mnayemheshimu sana.

Desturi hiyo ilizaliwa enzi za dainamo. Volkswagen Beetle na Land Rover za kale hazikuwa na alternata. Zilikuwa na dainamo, kabureta na pointi, na kwenye gari zima hakukuwa na kitu cha kuungua zaidi ya balbu na pengine redio. Fundi aking'oa teminali hapo, umeme ukiruka kidogo, hasara yake ilikuwa ndogo. Impreza ya 1996 si gari la namna hiyo. Ina kompyuta inayopanga kila tone la petroli na kila cheche ya plagi, na nyingi zina kompyuta nyingine ya breki za ABS. Vyote hivyo vinategemea umeme usiopanda wala kushuka ovyo.

Ndani ya alternata kuna sumaku ya umeme inayozunguka, na nguvu yake hutokana na ampea chache zinazopitia kwenye kaboni. Alternata inapochaji, betri inapokea mzigo huo na wakati huohuo inazuia volti zisiruke. Ukiing'oa ghafla, mzigo unaondoka, lakini sumaku haiwezi kufifia papo hapo. Kwa sehemu ya sekunde, volti hupanda kutoka 14 hadi makumi kadhaa, na zinaweza kupita 80. Macho hayatakuonyesha lolote. Pengine utaona taa zimeng'aa zaidi kwa kidogo tu, ukadhani ni dalili ya afya. Kumbe umeme huo umekwisha kupita kwenye dayodi, kwenye regulata na kwenye kompyuta. Huenda gari likawaka vizuri siku hiyo, kisha wiki ijayo likaanza kukatakata, na hakuna atakayekumbuka spana ile ya 10.

Ubaya wake wa pili ni kwamba kipimo chenyewe ni cha uongo. Alternata yenye dayodi moja iliyokufa bado inaweza kuiacha injini ikinguruma bila betri. Utaambiwa ni nzima, utarudi nyumbani, na asubuhi utakuta betri imelala tena. Kwa hiyo unahatarisha kompyuta ya gari ili upate jibu lisiloaminika. Mimi siwezi kumruhusu mwanangu afanye biashara ya namna hiyo.

Nunueni mita ya umeme, ile ndogo ya dijiti yenye waya mwekundu na mweusi. Hata ya bei ya chini kabisa itakupa ukweli ambao hakuna sikio wala uzoefu wa mzee unaoweza kuutoa. Kwanza acha gari lilale saa kadhaa, kisha pima betri. Iliyojaa husoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.0, iko karibu kuisha. Washa injini, uiache ingurume bila kukanyaga mafuta, upime tena palepale kwenye ncha za betri. Alternata nzima kwenye magari haya huleta kati ya volti 13.8 na 14.5. Sasa washa taa kubwa, feni ya ndani na kifuta mvuke cha kioo cha nyuma, na umwambie mwenzako akanyage mafuta kidogo. Namba zikibaki juu ya 13.5, alternata yako inafanya kazi. Zikishuka hadi 12 na kuendelea kuteremka, betri ndiyo inayolibeba gari peke yake. Zikipanda kupita 15, regulata imeshindwa kazi, na hapo zima injini haraka, kwa maana betri itachemka na kompyuta itaumia.

Nasisitiza mita kwa sababu naona fedha za vijana zikimwagika. Gari linakataa kuwaka, kijana anakimbia kununua betri mpya. Inamfaa siku nne, inalala. Anairudisha dukani akigombana na muuzaji. Betri ni mtungi, alternata ndiyo kisima. Kisima kikikauka, mtungi mpya utakaa na maji yale tu uliyoununua nayo. Kabla hujatoa pesa ya betri au ya alternata, uwe umeshika namba ulizosoma mwenyewe.

Kuna dalili moja ya Subaru ambayo nataka muijue, kwa kuwa inawapoteza wengi. Alternata ikianza kuharibika, mara nyingi taa ya betri na taa ya breki ya mkono huwaka pamoja kwenye dashibodi, pengine kwa kufifia, huku breki ya mkono imeshushwa. Kijana anaongeza mafuta ya breki, anabadilisha pedi, anafungua magurudumu ya nyuma. Breki hazina kosa. Taa hizo mbili zikiwaka kwa pamoja, anza na mita kwenye betri. Dalili nyingine ni za kawaida: taa kufifia injini inapopumzika na kung'aa ukikanyaga mafuta, mlio mwembamba unaopanda na mwendo wa injini, harufu ya waya ulioungua, au mkwaruzo wa beringi.

Hata mita ikikuonyesha kwamba haichaji, usiilaani alternata kabla hujazikagua njia zake. Gari la miaka zaidi ya 25, lililokaa kwanza kwenye chumvi na baridi ya Japani kisha kwenye unyevu wa Mombasa au Tanga, lina kutu ndani ya viungio. Weka waya mwekundu wa mita kwenye bolti kubwa ya alternata iliyoandikwa B, na mweusi kwenye ncha chanya ya betri, injini ikinguruma na taa zimewashwa. Ukisoma zaidi ya volti 0.3, umeme unapotea njiani: waya umechoka, au kiungo kina kutu. Fanya vivyo hivyo upande wa athi, kutoka kwenye mwili wa alternata hadi ncha hasi. Magari mangapi yamebadilishiwa alternata ilhali tatizo lilikuwa waya wa athi uliolegea! Angalia pia mkanda kama umelegea au umepasuka, na fyuzi kuu. Washa suichi bila kuwasha injini uone kama taa ya betri inawaka kwenye dashibodi. Katika magari mengi ya rika hili, umeme unaoiamsha alternata unapitia kwenye taa hiyo, na balbu ikiungua alternata inaweza kulala ikiwa nzima.

Na kama betri inaisha usiku gari likiwa limezimwa, weka mita kwenye volti za AC, injini ikinguruma, upime kwenye betri. Zaidi ya volti 0.5 ni ishara kwamba dayodi imevuja. Dayodi hiyohiyo ndiyo inayonyonya betri mmelala.

Sasa tuseme umepima, umethibitisha, alternata imekufa. Ing'oe kwanza, uende nayo dukani mkononi, iwe ni Kirinyaga Road jijini Nairobi au Gerezani kule Dar es Salaam. Usiende na picha ya simu. Impreza zimetoka na alternata za aina zaidi ya moja, na zinazofanana kwa sura zinaweza kutofautiana kwa pini za plagi, kwa mifereji ya puli au kwa masikio ya kushikilia bolti. Ziweke pamoja juu ya kaunta, uhesabu pini, uhesabu mifereji, upime nafasi ya matundu. Zungusha puli kwa kidole usikilize. Mkwaruzo wowote, iache. Muuzaji akikataa kuipima kwenye mashine kabla hujalipa, shukuru na uondoke. Rangi mpya ya fedha isikupumbaze, kwani kopo la rangi ni rahisi kuliko beringi.

Na mimi ningekushauri, kabla hujanunua ya mtumba ambayo hujui imetembea kilomita ngapi, umpelekee fundi wa alternata hiyo yako ya zamani. Mara nyingi kilichoisha ni kaboni, beringi na regulata, vitu vinavyobadilishwa katika asubuhi moja. Koili za asili za Kijapani zikiwa nzima, alternata iliyofanyiwa kazi hiyo na fundi mwaminifu inaweza kukufaa kuliko nyingi zinazopangwa madirishani.

Kuing'oa kwenyewe ndiko kunakowashawishi, kwa sababu injini ya Impreza ina silinda nne zilizolala, na alternata imekaa juu kabisa, upande wa mbele. Unafungua boneti na hiyo hapo inakutazama. Wenye Toyota MR2, ambayo injini yake iko nyuma ya viti, hawana bahati hiyo; wao hulazimika kuingia chini, na kwao neno langu ni fupi: jeki ni ya kuinulia tu, asiwepo mtu chini ya gari lisilokaa juu ya stendi za chuma. Lakini wewe wa Impreza, wepesi huo ndio hatari yako. Kazi ikionekana rahisi, mtu anaruka hatua ya kwanza.

Hatua ya kwanza ni kuondoa waya hasi wa betri, injini imezimwa, ufunguo uko mfukoni. Ni hasi, siyo chanya. Mwili mzima wa gari umeunganishwa na hasi. Ukianza na chanya, spana yako ikagusa boneti au ukuta wa gari huku imeshika chanya, umeunganisha betri yote kwa kipande cha chuma ulichokishika. Ukiwa umekwisha kuondoa hasi, spana iliyoshika chanya ikigusa mwili wa gari haitatokea lolote. Wakati wa kurudisha, hasi huwa ya mwisho. Waya ulioutoa uufunike kwa kitambaa au uufunge pembeni usijirudie wenyewe.

Wengi hawajui kwamba ile bolti ya B nyuma ya alternata ina umeme wa betri saa zote, hata suichi ikiwa imezimwa, hata gari likiwa limelala mwezi. Waya wake unatoka moja kwa moja kwenye betri. Volti 12 hazikurushi kama umeme wa nyumbani, na hapo ndipo vijana wanapodanganyika. Betri inaweza kutoa mamia ya ampea kwa kupepesa jicho. Pete ya ndoa au mkanda wa saa wa chuma ukiingia kati ya spana na mwili wa gari, utakuwa mwekundu wa moto kabla hujavuta mkono, na utaunguza kidole hadi mfupa. Vueni pete. Vueni saa na vikuku. Na usiinamie betri na sigara, kwani betri iliyotoka kuchajiwa ina gesi ya hidrojeni juu yake, na cheche ndogo inatosha kuipasua na kukurushia asidi machoni.

Injini na ipoe. Toa kifuniko cha mikanda. Kabla hujagusa bolti ya kurekebisha mkanda, legeza kwanza bolti inayofunga alternata kwenye tundu lake refu la kurekebishia. Ukilazimisha ile ya kurekebisha huku hii imekaza, utakula uzi wake, na kazi ya saa moja itakuwa ya siku mbili. Mkanda huohuo unazungusha pampu ya usukani, basi tazama umepitaje, upige picha. Chomoa plagi kwa kubonyeza kishikio chake, si kwa kuvuta waya. Plastiki ya miaka hiyo inavunjika kama biskuti. Toa nati ya B, kisha bolti ndefu ya chini. Alternata huwa imebanwa kwenye mabano yake na haitoki kwa kuombwa. Itikise huku na huku kwa subira. Mbele yake pana rejeta yenye mapezi laini, kwa hiyo weka kipande cha boksi gumu juu ya rejeta kabla ya yote, na usitumie bisibisi kubwa kujiinulia kwenye kifuniko cha mkanda wa taimingi.

Wakati wa kufunga, mkanda usikazwe kama uzi wa gambusi. Ukiubonyeza kwa dole gumba katikati ya puli mbili, ushuke kama sentimita 1. Uliolegea utapiga kelele na kuteleza. Uliokazwa mno utaua beringi ya alternata mpya, na ya pampu ya usukani pia. Safisha viungio kwa msasa laini hadi ving'ae, kaza nati ya B vizuri, urudishe kifuniko chake cha mpira. Nati ya B iliyolegea hupata moto, na moto huo umeunguza magari.

Halafu chaji betri kwa chaja ya ukutani hadi ijae kabla hujawasha. Hili linapuuzwa sana. Alternata imeundwa kuitunza betri iliyojaa, haikuundwa kuifufua iliyokufa. Ukifunga alternata mpya kwenye betri tupu na kuondoka mbio, itafanya kazi kwa nguvu zake zote mfululizo, itapata joto kali, na dayodi zinaweza kuanza kufa siku ileile. Ukishawasha, pima tena kama mwanzo, taa zikiwa zimezimwa, kisha zikiwa zimewashwa. Injini ikitetereka kidogo kwa dakika za kwanza usiogope; kompyuta imepoteza kumbukumbu na inajifunza upya.

Wanaoweka muziki mkubwa nina neno nao. Amplifaya inayovuta wati 1000 kwenye volti 14 inahitaji kama ampea 70. Hizo ni karibu zote ambazo alternata ya gari la namna hii inaweza kutoa, kabla hujawasha taa, feni na pampu ya petroli. Utabadilisha alternata kila mwaka na kumlaumu muuzaji. Punguza mzigo, au uweke alternata kubwa zaidi pamoja na waya mnene wa kuibeba.

Mkibusti gari lililolala kwa betri ya gari jingine, chanya kwa chanya, na waya hasi mwishoni uushikize kwenye chuma cha injini ya lile lililolala, mbali na betri. Ukigeuza waya hata mara moja, dayodi zote zinaweza kuungua pale pale.

Na lililo zito kuliko yote: taa ya betri ikiwaka ukiwa barabarani, usiseme utafika tu. Injini ya petroli yenye kompyuta, pampu, feni na taa kubwa inaweza kuvuta ampea 20 hadi 30 na zaidi, na betri ya kawaida haitafika mbali. Kwanza redio inakatika, kisha taa zinafifia, feni za rejeta zinapungua nguvu na injini inapata joto, mwisho gari linazima. Likizimia Tsavo saa tano usiku, halitakuwa na hata taa za hatari za kumwonya dereva wa lori anayekuja nyuma yako. Mchana, zima kila kisichohitajika uende gereji iliyo karibu. Usiku, ingia kituo cha mafuta penye mwanga, ulale hapo hadi kuche. Hakuna sherehe wala kikao kinachostahili safari hiyo.

Ukiwa umefanya yote haya na mita bado inasoma 12 na ushei, usibadilishe alternata ya pili kwa kubahatisha. Funga boneti, mwite fundi umeme wa magari mwenye mita yake mwenyewe, usimame pembeni yake utazame kila waya anaougusa, umuulize kwa adabu anapima nini, na umlipe kazi yake kamili.